Kuitafuta saratani ya urakasi ndani ya rejista za wagonjwa

Urakasi ni masalia ya mrija uliounganisha kibofu cha mkojo na kitovu kabla mtoto hajazaliwa. Saratani inayoota humo haifiki hata asilimia 1 ya saratani zote za kibofu, kwa hiyo hospitali moja hukaa miaka mingi bila kupata wagonjwa wa kutosha kujibu swali hili: je, tibakemikali baada ya upasuaji inawaongezea siku za kuishi? Nililipeleka swali hilo kwenye rejista mbili za Marekani. SEER, mpango wa serikali wa takwimu za saratani ulioanza mwaka 1973, huandikisha kila mgonjwa wa saratani katika maeneo inayoyahudumia. NCDB, hifadhidata ya kitaifa ya saratani, hukusanya kutoka hospitali zilizoidhinishwa tu, ila hunasa takribani asilimia 70 ya wagonjwa wapya nchini humo.

Kazi iliyonichukua muda mrefu zaidi haikuwa takwimu, ilikuwa kujua nani ana ugonjwa huu. Kwenye ICD-O-3, orodha ya kimataifa ya misimbo ya saratani, urakasi una msimbo wake, C67.7, na anayeanza huuchukua huo peke yake. Hapo tayari amepoteza watu. Uvimbe huu hujitokeza kwenye paa la kibofu, na karani akisoma ripoti inayosema "paa la kibofu" ataandika C67.1, wala hajakosea. Ukizichukua C67.1 zote nazo, unavuta saratani za kawaida za kibofu zenye msimbo 8120/3. Nilitengeneza makundi mawili: la kwanza, C67.7 zenye adenokasinoma, yaani saratani ya seli za aina ya tezi (8140, 8144, 8480 na 8490). La pili nikaongeza C67.1 zenye misimbo hiyohiyo minne. Waliowahi kuwa na saratani ya utumbo mpana niliwatoa, maana uvimbe uliosambaa kutoka utumbo hufanana mno na huu chini ya darubini. Kila hesabu niliifanya mara mbili. Jibu likibadilika kati ya kundi na kundi, siliamini.

Tuseme mstari mmoja wa SEER unasomeka hivi: miaka 54, mwaka 2011, C67.1, 8480/3, upasuaji 30, tezi za limfu zilizochunguzwa 98, tibakemikali "hapana/haijulikani". Namba 30 maana yake sehemu ya kibofu imeondolewa, upasuaji unaotarajiwa kwa ugonjwa huu, ambapo daktari hukata paa la kibofu, urakasi na kitovu kwa pamoja. Lakini hakuna safu inayosema kama kitovu kilitolewa, kwa hiyo siandiki kamwe "upasuaji kamili".

Ile 98 ndiyo inayoharibu kazi za watu. Si tezi 98. Ni kusema tezi zilichunguzwa ila idadi haikuandikwa. Kwenye safu ya tezi zenye saratani, 98 hiyohiyo humaanisha hakuna tezi iliyochunguzwa. Misimbo ya 95 hadi 99 lazima ibadilishwe kabla ya kupiga wastani wowote, la sivyo mgonjwa ambaye hakutolewa hata tezi moja ataonekana ana ugonjwa uliosambaa kupindukia.

Na hilo "hapana/haijulikani" haligawanyiki. Utafiti wa 2016 uliolinganisha SEER na madai ya malipo ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, ulionyesha kwamba SEER ilikuwa imenasa asilimia 68 tu ya waliopata tibakemikali. Aliyeandikwa "ndiyo" kwa kawaida alipata kweli. Kundi la "hapana" ndilo lililochanganyika. Kwa hiyo swali la tibakemikali nililijibu kwa NCDB, ambayo pia ina hali ya kingo za nyama iliyokatwa na magonjwa mengine ya mgonjwa. SEER niliitumia kwa chanzo cha kifo, ambacho NCDB haina. Kurudi kwa ugonjwa hakumo katika rejista yoyote kati ya hizo mbili.

Hatua za TNM, mfumo wa kawaida wa kupima saratani imeenea kiasi gani, zilitungwa kwa uvimbe unaoanzia ndani ya kibofu, na huu unaanzia nje. Hatua za Sheldon za 1984, zilizotungwa kwa saratani ya urakasi yenyewe, zinafaa zaidi, ila rejista haziziandiki. Nilibaki na mgawanyo mpana wa SEER: ndani ya kiungo, jirani, mbali.

Mtego mkubwa kuliko yote ni wa muda. Tibakemikali huanza wiki kadhaa baada ya upasuaji. Aliyefariki mwezi wa pili hakupata nafasi ya kuipata, basi anahesabiwa upande wa wasiotibiwa, na dawa inaonekana nzuri hata kama haifanyi kitu. Niliweka mstari miezi 4 baada ya utambuzi: waliofariki au kupotea kabla ya hapo wametoka, na kila aliyebaki amepangwa kulingana na alichokwisha pata hadi siku hiyo. Aliyeanza dawa mwezi wa tano anabaki kwa wasiotibiwa. Kisha nilirudia kwa miezi 3 na 6. NCDB inatoa idadi ya siku hadi kuanza dawa, kwa hiyo hili linawezekana. Kwa SEER peke yake nisingelijaribu.

Kwenye modeli ya Cox, inayopima jinsi kila kigezo kinavyohusiana na hatari ya kufa, nilijiwekea kigezo kimoja kwa kila vifo 10. Vifo 40 vinaruhusu vigezo 4: hatua, umri, kingo na dawa. Magonjwa mengine niliyaingiza katika jaribio la pembeni, kwa sababu vijana wenye afya ndio hupewa dawa zaidi, na hilo peke yake linatosha kuleta tofauti ya uhai.