Siku moja kati ya kipimo na majibu

Saa 1:30 asubuhi. Kabla wagonjwa hawajaanza kuitwa, ninafungua rejista ya vipimo vya kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama kinachotolewa mwilini ili kichunguzwe maabara, na kuipitia mstari kwa mstari. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja mkoani Mtwara, na kazi yangu ni kuwa karibu na mgonjwa anayechunguzwa saratani tangu anapoonwa na daktari hadi anapoanza matibabu. Ninatafuta majina ya watu ambao majibu yao yamefika na wenyewe hawajarudi, kwa sababu ni katika kungoja huku ndiko tunakowapoteza: nauli imekwisha, uvimbe hauumi, au kuna aliyewaambia kwamba uvimbe ukiguswa na chuma husambaa.

Saa 3:00. Mama wa makamo mwenye uvimbe kwenye titi la kushoto analala kitandani. Daktari atamchoma ganzi, kisha atatumia sindano nene inayofyatuka kwa springi na kukata vipande vyembamba vya nyama. Mlio wake huwashtua wengi kuliko maumivu, ndiyo maana ninamwomba daktari aifyatue kwanza hewani, mgonjwa akiwa anaitazama.

"Kumbe ndiyo hiyo tu, sista?" akauliza, mabega yakashuka.

Vipande vinatumbukizwa kwenye fomalini, dawa ya maji ya kuhifadhi nyama isiharibike, ambayo ujazo wake unatakiwa uwe angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama. Ninaandika jina, namba ya jalada, upande wa titi na saa kilipoingia humo, tena kwenye kopo lenyewe, kwa kuwa kifuniko kinaweza kubadilishwa na cha mwingine. Saa ina maana yake: kinyama cha titi kinapaswa kukaa kwenye fomalini kati ya saa 6 na saa 72, la sivyo kipimo cha vipokezi vya homoni, ambacho huonyesha kama dawa za homoni zitamfaa, hakiaminiki. Kabla hajavaa viatu ninamuuliza ni nani angependa ajue habari zake, kisha ninaandika namba ya simu ya mtu huyo chini ya namba yake.

Saa 5:00. Bibi mmoja amekuja kupokea majibu, na wanawe wawili wananivuta kando ili nisimwambie kitu, presha isije ikapanda. Ninawaelewa, ila majibu ni ya bibi, na yeye ndiye wa kuulizwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Daktari akamuuliza angependa kuelezwa kwa kiasi gani. "Nimezika mume, nimezika watoto, sembuse neno? Semeni." Akaambiwa kuwa ni saratani ya mlango wa kizazi, kwamba bado ataangaliwa imeenea hadi wapi, na kwamba huenda akahitaji mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Baada ya hapo sote tulinyamaza. Kwa maoni yangu, kumpa mtu karatasi iliyojaa maneno ya patholojia, yaani ya wataalamu wanaochunguza kinyama maabara, na kumwelekeza mlangoni ni ukatili, hata kama foleni ni ndefu kiasi gani.

Saa 8:00 ni muda wa simu. Mwanamke mmoja anasema atarudi korosho zikishauzwa. Ninamuunganisha na afisa ustawi wa jamii, ingawa msamaha wa gharama za matibabu haumlipii mtu nauli.

Saa 10:00. Ninaandaa bahasha ya bibi: barua ya rufaa, majibu ya patholojia, picha za ultrasaundi na kopi ya kila karatasi. Anayefika Dar es Salaam bila majibu ya patholojia hujikuta akianza kungoja upya, wakati mwingine hadi kipande chake kilichohifadhiwa kwenye nta kitumwe kutoka maabara. Wanawe sasa wanabishana ni nani atakayemsindikiza. Bibi amekwisha kumchagua mjukuu wake wa kike anayejua kusoma vizuri, na huyo ndiye ninayempa bahasha na kumweleza karatasi ya kutangulia kuonyesha mapokezi.