Siku ya Sevisi: Saa kwa Saa na Pikipiki Yangu Mjini Morogoro

Saa 10:30 alfajiri

Leo ni siku ya sevisi, na ndiyo sababu nimeamka kabla ya adhana. Kazi ya kwanza haiwezi kungoja jua. Nafasi za valvu (milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi kwenye injini), ambazo sisi madereva huziita tapeti, hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, na pikipiki ya bodaboda hupoa kweli kweli mara moja tu kwa siku, nayo ni sasa, kabla ya abiria wa kwanza.

Pikipiki yangu ni ya Kichina, ya sisi 150 (ndiyo ukubwa wa injini), yenye injini ya fito, yaani ile inayosukuma valvu kwa fito mbili badala ya cheni ya ndani. Muundo huo ulienea duniani kupitia Honda CG125 ya miaka ya 1970, ambayo ilibuniwa ili ivumilie mazingira ya matengenezo haba, na viwanda vingi vya China vimeuiga hadi leo. Mtu aliyebuni injini ya namna hiyo aliifanya ifunguliwe kwa spana chache, na mimi huchukulia jambo hilo kuwa ruhusa.

Natoa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, nafungua kifuniko cha sumaku upande wa kushoto, kisha nazungusha taratibu mpaka alama ya T ilingane na alama iliyo kwenye bodi, huku nikihakikisha kwa vidole kwamba roka zote mbili, yaani vyuma vinavyobonyeza valvu, zimelegea. Kwa pikipiki yangu nafasi ni milimita 0.08 pande zote mbili. Kibati cha kupimia kinapaswa kupita kwa kukwaruza kidogo, bila kulazimishwa na bila kuteleza. Upande wa hewa umekaa sawa. Upande wa ekzosi kibati cha 0.08 kimegoma kuingia, na kimeingia kile cha 0.05.

Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaijui. Tapeti iliyolegea hugonga, na dereva huisikia akaitafutia dawa, lakini iliyobana haina kelele yoyote: pikipiki hukimbia kimya, huanza kuwa ngumu kuwaka ikiwa na moto, hupoteza nguvu mlimani, na siku moja valvu inakuwa imeungua kwa sababu haikupata muda wa kukaa kwenye kiti chake na kupoa. Nimelegeza nati, nimerekebisha, nimeshika skrubu kwa bisibisi wakati nikikaza nati, kisha nimepima tena, kwa kuwa kukaza kwenyewe huweza kuharibu kipimo. Dakika 35 zimetosha.

Saa 12:00 asubuhi

Abiria wa kwanza ni mwalimu ninayempeleka Kihonda kila siku ya shule. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba baba, leo imeitika haraka." Ni kweli, imewaka kwa kiki moja. Upepo unaoshuka kutoka Uluguru bado ni wa baridi, na saa hizi mbili, kuanzia 12 hadi 2, ndizo zinazobeba siku yangu: wanafunzi, wafanyakazi wa hospitali, na wasafiri wanaokimbilia mabasi ya Msamvu. Sifichi jambo: asubuhi nzuri huniletea takriban shilingi 10,000 baada ya kutoa mafuta. Naomba msomaji aishike namba hiyo, kwa sababu itarudi.

Saa 2:15 asubuhi

Nimesimama kwenye duka la wakala wa pikipiki, lakini karakana yake naipita tu. Nanunua lita moja ya oili ya 20W50 kwa shilingi 10,000 na washa ya shaba, ile pete ya kuzuia bolti ya oili isivuje, kwa 500. Oili naichukua hapa kwa makusudi, ingawa mitaani ipo ya 8,000, kwa sababu makopo yanayojazwa upya na kufungwa kama mapya yapo, na injini haina namna ya kukulalamikia mpaka iwe imeshakula. Katika jambo hili wakala anastahili pesa yake.

Nyuma ya duka nahesabu pikipiki 11 zinazosubiri mafundi 2. Nilikaa kwenye benchi lile mwaka mzima wa kwanza, kwa hiyo najua hesabu yake ilivyo. Ufundi ni 15,000, oili 10,000, na mstari ulioandikwa "vifaa vidogo", ambao hautaji kifaa chochote, ni 3,000. Jumla ni 28,000, na mtu angeweza kusema si bei ya kutisha. Lakini karakana hufunguliwa saa 2, na mara nyingi nilikabidhiwa pikipiki saa 6 mchana, kwa hiyo niliacha pale sehemu kubwa ya asubuhi yangu. Siku niliyojitahidi kufika wa kwanza nilikosa saa zote za abiria wa mapema. Ukiongeza 10,000 ile niliyoomba uishike, sevisi ya 28,000 inakuwa ya 38,000, wala hakuna risiti inayoionyesha hiyo tofauti.

Lililoniuma zaidi ni tapeti. Pikipiki iliyofika kwa kuendeshwa na kufunguliwa muda mfupi baadaye bado ina moto, na fundi mwenye foleni ya pikipiki kumi hawezi kuisubiri ipoe. Sisemi alikuwa mzembe. Nasema kazi hiyo haikuwa na nafasi katika siku yake, na wakati mwingine kifuniko cha valvu hakikufunguliwa kabisa ingawa kwenye fomu kulikuwa na alama ya vema. Niligundua hivyo baada ya kuona vumbi lilelile la zamani juu ya nati za kifuniko.

Saa 4:40 asubuhi

Kijiweni kijana mmoja, ambaye pikipiki yake mpya haijatimiza miezi mitatu, amenifuata akiwa na kopo la oili mkononi. "Kaka mkubwa, shikamoo. Naomba unibadilishie oili mchana, nitakupa 5,000." Nimemkatalia, na ameshangaa. Pikipiki yake ipo kwenye mkataba, analipa hesabu ya kila siku kwa tajiri, na kitabu chake cha dhamana bado kina sevisi ambazo hazijapigwa muhuri. Injini ikipata hitilafu ya kiwandani wakati mihuri haipo, wakala atakuwa na sababu ya kukataa dai, na deni la kufungua injini litamwangukia mtu ambaye hata pikipiki si yake bado. Nimemwambia, "Mdogo wangu, wewe bado nenda kule, ukae kwenye benchi, lakini ukae karibu na fundi utazame anachofanya." Mwaka ule wa benchi haukunipotea wote. Nilijifunza kwa macho.

Saa 7:10 mchana

Nimetoka kumshusha mama mmoja Bigwa, na injini ina moto wa kutosha. Asubuhi tapeti zilitaka baridi, na sasa oili inataka joto, kwa kuwa ikiwa nyepesi hutiririka yote na kubeba uchafu uliokuwa ukielea ndani yake. Hii ndiyo faida ya sevisi ya nyumbani ambayo haihesabiki kwa shilingi: kila kazi inapata saa yake. Tena kati ya saa 7 na saa 9 jua la Morogoro huwafungia abiria vivulini, na kuwepo kwangu kijiweni kungeniletea kitu kidogo sana.

Chini ya mwembe wa nyumbani nimeegesha pikipiki kwa stendi ya kati, nimeweka beseni, nimelegeza bolti ya chini kwa spana namba 17, na nimeiacha oili itoke kwa dakika 15 bila haraka. Imetoka nyeusi lakini laini, haina chembe zinazong'aa nikiisugua kati ya vidole. Nimeweka washa mpya, nimerudisha bolti kwa vidole mpaka ilipokaa, kisha nimekaza kwa spana fupi, kwa mkono mmoja, nikaacha.

Naeleza habari ya spana fupi kwa sababu mwaka jana nilitumia ndefu. Niliogopa oili isivuje, nikakaza mpaka nikahisi bolti inakuwa laini ghafla, na kila mtu aliyewahi kuua thredi, ile mikato ambayo bolti hujikaza ndani yake, anaujua ulaini huo. Bodi ya injini ni ya alumini, na alumini haishindani na bolti ya chuma. Fundi wa mashine alitengeneza thredi mpya kwa 30,000, na pikipiki ilikaa siku nzima na nusu bila kazi. Kosa hilo lilinigharimu 55,000 kwa jumla. Mtu yeyote anayesema kujifanyia sevisi ni bure hajaandika makosa yake.

Oili chafu haiendi shimoni. Maji yote ya mji huu hushuka kuelekea mtoni, na chini yetu wapo watu wanaomwagilia mboga. Naiweka kwenye dumu, na seremala jirani huichukua kupaka miti ya kenchi dhidi ya mchwa.

Saa 8:20 mchana

Chujio la hewa ni sponji, nalo nimelifua kwa mafuta ya taa, nimelikamua na kulitia oili kidogo. Wapo wanaolitoa kabisa ili pikipiki "ipumue", nao kwa vumbi la barabara za pembezoni wanalisha pistoni mchanga. Cheni nimeisafisha na kuiachia mchezo wa sentimita 2 hadi 3, nikipima mahali inapobana zaidi, kwa kuwa cheni haichakai sawasawa mzunguko mzima. Breki za nyuma bado zina nyama.

Saa 11:00 jioni

Abiria wa jioni wameanza, na nimefanya safari za Mazimbu na Kihonda bila kupumzika hadi saa 2 usiku. Nimechungulia bolti ya oili mara mbili. Ni kavu.

Saa 3:15 usiku

Daftari langu lina kurasa mbili zinazotazamana. Upande mmoja ni gharama ya leo: oili 10,000, washa 500, mafuta ya taa na kitambaa 500, jumla 11,000. Upande wa pili ni 38,000 ya wakala. Tofauti ni 27,000. Mimi hutembea karibu kilomita 600 kwa wiki na hubadilisha oili kila kilomita 2,000, kwa hiyo nafanya sevisi kama 15 kwa mwaka, na tofauti hiyo inafika 405,000. Kwa anayeona si haki kuhesabu asubuhi iliyopotea, aitoe, abaki na 255,000. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kujifanyia sevisi nilitoa humo spana, bisibisi, vibati vya kupimia na beseni, jumla 68,000, nikatoa na ile 55,000 ya thredi. Zilibaki 282,000, na nilizitumia kulipa bima na kununua tairi mbili.

Hata hivyo, kuna ukurasa wa tatu wenye kazi ambazo siziombi mikono yangu: kufungua klachi, kunyoosha rimu, na chochote kinacholazimu bodi ya injini kugawanywa, kwa kuwa vifaa vyake vinagharimu kuliko kazi zote nitakazozifanya. Leo jioni, nikiteremka kutoka Mazimbu bila gia, nimesikia mvumo mwembamba kwenye gurudumu la mbele, ambao hupanda na kushuka kwa mwendo. Nimeinua gurudumu nikalizungusha kwa mkono, na beringi moja ina mchezo. Nimeandika kilomita zilizosomeka, nimeandika "beringi ya mbele, kwa wakala, Jumatatu saa 7 mchana", na nimetenga 20,000 ndani ya kurasa za daftari.