Chumvi ya mama na kura ya vijiji 600

Kwa miaka mingi mama yangu amekuwa akirudi kutoka kliniki ya presha na agizo lilelile, kwamba apunguze chumvi, naye hulipokea kwa adabu zote kisha akapika papa mkavu wa nazi kama kawaida. Nilikuwa nikimlaumu. Siku hizi simlaumu sana, baada ya kusoma utafiti uliofanyika mbali na jiko lake, katika vijiji 600 vya kaskazini mwa China.

Watafiti walioongozwa na Bruce Neal waliwaandikisha watu 20,995, ambao ama walikuwa wamewahi kupata kiharusi, ama walikuwa wametimiza miaka 60 na presha yao ilikuwa juu. Vijiji viligawanywa kwa kura ya bahati nasibu: nusu viliendelea na chumvi ya siku zote, na wakazi wa nusu nyingine walipewa bure chumvi ambayo robo yake ilikuwa kloridi ya potasiamu, yaani yenye madini ya potasiamu badala ya sodiamu iliyomo kwenye chumvi ya kawaida. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021 baada ya karibu miaka mitano ya ufuatiliaji, yalionyesha kwamba kwa waliobadilishiwa chumvi kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Ajabu ni kwamba presha yenyewe, ile namba ya juu, ilishuka kwa wastani wa milimita 3 na kidogo tu za zebaki, tofauti ambayo mashine ya nyumbani inaweza kukupa kati ya kipimo cha kwanza na cha pili. Kwa mtu mmoja si kitu. Kwa maelfu ya watu ni viharusi vingi visivyotokea.

Sisi huhesabu chumvi iliyozidi na kusahau upungufu wa potasiamu, madini yanayosaidia kushusha presha, ingawa ushahidi wa jambo hilo ulipatikana hapa kwetu zamani. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Wajaluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Presha ya wahamiaji ilikuwa juu kuliko ya waliobaki nyumbani, na tofauti hiyo ilijitokeza mapema baada ya kufika mjini. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu zaidi na potasiamu kidogo kuliko wa wenzao wa kijijini. Tukimwambia mgonjwa apunguze chumvi bila kumtajia maharage, mchicha, viazi vitamu na ndizi, tumempa nusu ya maelezo.

Hata hivyo sikukimbilia dukani. Figo zilizochoka hushindwa kuitoa potasiamu mwilini, baadhi ya dawa za presha huizuia isitoke, na ikizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo. Watafiti wa China hawakuona ongezeko la madhara hayo, lakini wagonjwa wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakuingizwa katika utafiti. Shirika la Afya Duniani nalo, lilipopendekeza chumvi ya aina hii Januari 2025, liliwatenga watoto, wajawazito na wenye matatizo ya figo.

Mama ameshatolewa damu ya kupima figo na tunasubiri majibu. Kwa sasa papa hulowekwa usiku kucha na maji yake humwagwa mara mbili, jambo ambalo yeye huliita kumwosha maiti wa samaki.