Mama wa Pembeni mwa Fremu

Februari 2020 nilikuwa nasoma uandishi wa habari chuoni, Dar es Salaam, na semista ile tulikuwa na kozi ya uhariri wa picha za kidijitali wa ngazi ya juu. Nusu ya kozi ilikuwa ufundi, nusu maadili. Ufundi haukunitisha. Nilikuwa nimeshafanya kazi kwenye studio ya binamu yangu Mbagala, nikipiga picha za pasipoti, nikifuta chunusi, nikibadilisha ukuta wa nyuma uwe wa bluu, na kuwasikiliza wateja wakiniinamia na kuomba kwa sauti ya chini, "Kaka, nipunguze weusi kidogo." Leya na maski, zana za programu za kuhariri sehemu moja ya picha bila kugusa nyingine, nilizijua. Maadili ndiyo yaliyonipeleka kwenye kiti cha mbele.

Mwalimu wetu alikuwa ameshatupitisha kwenye kesi maarufu. Februari 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee kwenye jalada la wima. Juni 1994 jarida la TIME liliitia giza sura ya O.J. Simpson, Mmarekani mweusi na nyota wa zamani wa michezo aliyeshtakiwa kwa mauaji, katika picha aliyopigwa na polisi, na wiki ileile jarida la Newsweek likatoa picha hiyohiyo bila kuitia giza, uso mmoja ukauzwa kwa weusi wa aina mbili. Mwaka 2003 gazeti la Los Angeles Times lilimfukuza kazi mpigapicha wake aliyeunganisha picha mbili za askari wa Uingereza na raia karibu na Basra zikawa moja. Kutokana na kesi hizo darasa zima lilikuwa limejitungia sheria fupi: usihamishe pikseli, yaani vile vidoti vinavyounda picha. Kata kingo, sawazisha mwanga, rekebisha rangi, basi.

Siku ninayoikumbuka, tuliingia maabara ya kompyuta tukakuta kila mashine ina faili moja ghafi, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameipiga picha hiyo soko la samaki la Feri. Katikati dalali ameinua nguru mkubwa, wanaume wamemzunguka. Chini, karibu na miguu yake, mfuko wa plastiki wa bluu umelala kwenye maji. Pembeni kabisa kushoto, mama mmoja mwenye ndoo, mkono mmoja juu, na nyuma yake banda la bati lililojaa makorokoro. Kazi: iandae kwa ukurasa wa mbele wa gazeti.

Mtego wa mfuko tuliuona sote. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo kuufuta kungekuwa kufuta habari. Hakuna aliyeugusa. Watu walikuwa wanatazamana kwa furaha ya mtihani uliokwisha kujulikana majibu.

Niliitwa kukaa kwenye mashine yenye projekta, nifungue kazi moja baada ya nyingine. Zilikuwa nzuri kweli, zimenyooka, samaki anang'aa. Baada ya kuziona zote mwalimu akauliza, "Mama yuko wapi?"

Alikuwa amebaki katika picha chache tu. Yangu ilikuwa mojawapo, ila sikuwa nimemwacha kwa maadili yoyote. Mkono wake ulikuwa umenyooka kumwelekea dalali, na jicho langu liliufuata.

Jirani yangu wa kushoto alisimama kujitetea, naye alikuwa mhariri hodari kuliko wengi wetu. "Mwalimu, sijahamisha pikseli hata moja. Nimekata tu, na kukata kunaruhusiwa. Lile banda la nyuma linavuruga macho."

Mwalimu hakumjibu. Alinipa flashi, nikafungua picha mbili zilizokuwemo. Ya kwanza: wasichana wanne, wanaharakati wa mabadiliko ya tabianchi, wamesimama Davos, Uswisi, milima yenye theluji nyuma yao, Greta Thunberg wa Sweden akiwa mmoja wao. Ya pili ilikuwa hiyohiyo, lakini watu ni watano. Wa tano, pembeni kabisa kushoto, ni Vanessa Nakate wa Uganda, na nyuma yake kuna jengo. Shirika la habari la Associated Press ndilo lililoisambaza ile ya wanne mwezi uliotangulia. Maelezo yaliyotolewa kwanza yalikuwa kwamba picha ilikatwa kwa ajili ya mpangilio tu, kwa kuwa jengo lile lilikuwa linavuruga macho. Baadaye shirika liliitoa picha nzima na mhariri wake mkuu akaomba radhi. Nakate, msichana wa rika letu, alikuwa amewaandikia kwamba hawakufuta picha tu, wamefuta bara zima.

Darasa lilichemka. Dada mmoja wa nyuma alisema kesi hizi hazifanani: kule alikatwa Mwafrika pekee, hapa Feri wote ni weusi. Mwenzake akamkata kauli: "Hapa amekatwa mwanamke pekee." Kwa muda kila mtu aliongea peke yake.

Hapo mwalimu akaniomba niweke uso wa dalali kutoka faili ghafi kando ya nyuso zake katika kazi zetu. Karibu kote alikuwa amegeuka maji ya kunde. Nilikumbuka Mbagala, nikanyoosha mkono. "Studio mteja anaomba mwenyewe na analipa. Huyu hakutuomba."

Jirani yangu alinipinga, na alinipinga vizuri. Jua lilikuwa nyuma ya dalali, alisema, na kamera ilimwonyesha mweusi kuliko alivyo. Tena wino wa gazeti hukolea, usipoinua kivuli, yaani kuangaza sehemu zenye giza, uso wote unazama. Mwalimu akakubaliana naye: faili ghafi ni vipimo vya mwanga tu, haikuapa kusema kweli.

"Sasa tutajuaje rangi yake?" nikauliza.

"Mimi nilimwona," akasema mwalimu. "Nilisimama mbele yake. Nimekuwa humu ndani tangu mmeanza kazi, na hakuna aliyeniuliza chochote. Si rangi ya dalali, wala yule mama ni nani."

Tulinyamaza, kisha maswali yakaanza kumiminika. Dalali alikuwa mweusi, kweli, ila si kama faili ilivyoonyesha. Akatuonyesha kwenye skrini ni wapi pa kusimamisha kivuli. Mama alikuwa mkaanga samaki. Mkono ule ulikuwa unapandisha bei, na mnada ulipofungwa, yule nguru alikuwa wake.

Kwa hiyo aliyekatwa alikuwa mnunuzi. Maelezo yote ya chini ya picha, ambayo wengi walikuwa wameandika "wafanyabiashara wakigombea samaki", yalihitaji kuandikwa upya, na fremu ilipaswa kuwa pana, banda la bati likiwemo.

Tukafungua faili upya. Jirani yangu hakugusa kipanya kwanza. Alitaka kujua mama alitoa shilingi ngapi.