Achari ya Mama na Bendera ya Wasuri

Chupa tatu za achari ya ndimu alizonifungia mama hazikufika Oman. Uwanja niliobadilia ndege (jina naliacha) askari wa forodha alizichomoa mkobani, akanidai karatasi zake. Achari nayo ina karatasi? Nilibishana nusu saa, chupa zikabaki, na ndege nusura iniache.

Muscat nilikaa siku nne. Joto.

Suri, mji wa bandari wa Oman, ndiko nilikokutaka. Teksi ilinikamua riali 35. Kwa shilingi zetu bora nisihesabu. Karibu na jahazi kubwa la Fatah Al-Khair nikamkuta mzee mmoja, Kiswahili chake cha Mji Mkongwe kinashinda changu, mzaliwa wa Shangani. Nikamhadithia ya achari. Akacheka mpaka kofia ikamuanguka.

"Mwanangu, wewe umekosa bendera tu!"

Kumbe manahodha wa Suri walikuwa wakichukua hati na bendera kwa Wafaransa. Mfaransa alikuwa na mkataba na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, tangu 1844, tena hakukubali manowari za Kiingereza zikague vyombo vyenye bendera yake. Basi jahazi la Msuri likipandisha rangi tatu, Mwingereza anabaki kung'ata meno. Sultani Faisal wa Muscat naye akang'aka: hawa ni raia zangu au wa Paris? Kesi ikafika The Hague. Tarehe 8 Agosti 1905 majaji wakaamua: waliopewa bendera kabla ya 2 Januari 1892 wabaki nazo, ila haki hiyo hairithiwi, baada ya hapo ni kwa waliokuwa chini ya himaya ya Ufaransa kabla ya 1863 tu.

Mzee alihadithia kwa fahari, kama aliyekuwepo. Mimi nikamkumbuka bibi. Kaskazi ikianza kuvuma alikuwa akituita ndani mapema: "Wasuri wameshaingia, watakuibeni!" Nikamuuliza majahazi yale yalipakia nini hata yakaogopa kukaguliwa.

"Tende. Papa mkavu. Kwenu tukirudi na boriti."

"Na watu?"

Akanimiminia kahawa, kikombe cha pili, cha tatu. "Na watu," akasema, kisha akaniuliza kama mpunga wa Cheju bado unalimwa.

Kwenye kuagana alinipa kopo la halua nimpelekee mama. Niliporudi halikuulizwa karatasi popote. Mama akataka kujua achari yake waliipokeaje huko.

Nikamwambia waliichukua yote.