Bafu kwenye chumba cha chini: anza na chemba, marumaru baadaye

Nyumba za kwenye miteremko, kama kule Mwanza, mara nyingi huwa na chumba cha chini kilichozama nusu ardhini. Kabla ya kuvunja jamvi (zege la sakafu), fungua chemba ya maji taka iliyo nje upime kina chake. Bomba la choo la inchi 4 linataka mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Likienda mita 6 umeshuka sentimita 15, na hapo kiwiko cha chini ya choo bado. Hesabu ikigoma, yaani bomba likifika chini kuliko chemba, usimkubalie fundi alilaze "kidogo tu". Maji yatapita, uchafu utabaki.

Dawa yake ni tangi dogo sakafuni, pampu ya maji taka (ya maji safi itaziba) na valvu ya kuzuia maji kurudi. Mfuniko ubane, bomba la hewa lipande hadi juu ya paa. Umeme ukikatika, pampu haisukumi, kwa hiyo choo hicho kisiwe cha pekee nyumbani.

Nunua choo ndipo utoboe sakafu, maana umbali wa tundu toka ukutani hutofautiana.

Uvujaji huanzia kwenye kona ya sakafu na ukuta. Bandika mkanda wa kitambaa, paka dawa ya kuzuia maji tabaka mbili, ipande ukutani sentimita 20, na sehemu ya kuogea mpaka juu ya bomba la mvua. Ikikauka, ziba tundu, jaza maji sentimita 3, chora mstari wa penseli. Baada ya saa 24 yakiwa chini ya mstari, marumaru zisubiri.