Vibandiko Vyekundu

Mwaka 2007 mimi na shemeji yangu tulipanga foleni tangu alfajiri kununua nyumba katika jengo ambalo halikuwepo. Lililokuwepo ni shimo lililozungushiwa mabati, na ndani ya ofisi ya mauzo, juu ya meza, mfano wake: ghorofa 12 za plastiki nyeupe, miti ya sponji, na kijigari chenye ukubwa wa ukucha.

Ukutani walitundika ramani ya vyumba. Kila nyumba ilipochukuliwa, binti wa mauzo alibandika kibandiko chekundu. Ukuta ule ulishikwa na surua mbele ya macho yetu.

Mbele yetu alikuwepo mama mmoja wa makamo. Aliuliza jua linaingia jikoni saa ngapi. Binti hakujua. Watu wakaguna, na shemeji akaninong'oneza, "Huyu anadhani amekuja kununua nyumba." Tukacheka. Yule mama akafunga mkoba wake, akaondoka, nasi tukasogea mbele.

Hesabu yetu ilikuwa nyepesi. Unaweka arubuni ya asilimia 10, iliyobaki unalipa jengo likikamilika. Bei ikipanda asilimia 20 kabla ya hapo, unauza mkataba wako: uliweka 10, unatoka na 30. Hesabu ya kushuka hatukuipiga, ingawa mtoto wa shule angeiweza: bei ikishuka asilimia 10 tu, arubuni yote imeyeyuka. Tulichukua nyumba mbili. Ya kwanza kwa akiba yangu. Ya pili kwa mkopo ambao shemeji aliuchukua kwa kuweka rehani nyumba anayoishi na dada yangu. Dada hakuambiwa. Nami nilikaa kimya.

Miezi ya mwanzo dalali alitupigia simu kila wiki kutueleza tumetajirika kiasi gani. Hata mwendo wangu ulibadilika. Gazetini nilisoma kwamba bei za nyumba Marekani zilianza kushuka tangu 2006, nikapita kama mtu anayesoma habari za mvua ya nchi ya mbali. Kisha, tarehe 15 Septemba 2008, Lehman Brothers, benki kubwa ya uwekezaji ya Marekani, ikaomba kufilisika, na mikopo ikakauka hadi kwenye benki yetu. Mthamini wao akaandika thamani iliyopungua karibu robo kutoka bei ya mkataba. Benki hukopesha kwa kufuata thamani, haijali wewe uliahidi kulipa kiasi gani. Pengo lile lilikuwa letu.

Tukarudi kule ofisini tutafute mnunuzi. Foleni ilikuwepo, na sura nyingi nilizitambua. Kila mtu alishika mkataba wake mkononi, anauza. Vibandiko vyote vile vilikuwa sisi kwa sisi. Hakuna hata mmoja kwenye foleni ile aliyewahi kufikiria kulala humo.

Arubuni zote mbili zikaenda, kwa kifungu ambacho tulikitia sahihi bila kukisoma. Dada alijua siku barua ya benki ilipofika. Hakupiga kelele. Aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Kisha akanigeukia mimi, si mumewe.

"Ulijua?"

Hela nilishazisahau. Swali lile bado.

Wao wakalipa deni miaka mitano, deni la madirisha ambayo hawakuwahi kuyafungua. Jengo lenyewe lilisimama ghorofa ya saba, nondo zikitoka juu kama nywele zisizochanwa, mpaka mwekezaji mwingine alipolinunua.

Mwaka 2013 dalali yuleyule akanipigia. "Kaka, soko limeamka. Lile jengo linamaliziwa, nimekuwekea moja ghorofa ya tisa."

Nikamuuliza jua linaingia jikoni saa ngapi.

Akanyamaza kidogo. "Nitakuulizia," akasema.